Mshale Uliolala Kwenye Sifuri

Wapendwa, kaeni vizuri, na wewe mama wa kiti cha nyuma mpakate mtoto asije akaanza kulia nikifika penyewe. Asubuhi hii nawapeleka uani kwa mtu. Jina lake silitaji, maana nikitaja jina hapa ndani mtaacha kunisikiliza muanze kugeuza shingo. Tumwite dereva. Alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu aliyeijua kila kona na kila mteremko wa barabara kuu, sasa amepumzika nyumbani na mkewe, na juma lile wanawe walikuwa wamemletea zawadi ya skuta mpya.

Jamani, laiti mngemwona. Skuta ilishushwa kutoka kwenye pikapu ikiwa bado na nailoni kwenye kiti, nyekundu, inang'aa, na mzee akaizunguka akiipapasa huku anacheka peke yake. Akaisukuma mpaka katikati ya uwanja, akaipandisha kwenye stendi ya kati, ile inayoinua tairi la nyuma likabaki linaning'inia hewani. Akapanda, akawasha, akapiga resi. Kuku walitawanyika. Jirani alichungulia juu ya ukuta na kikombe cha chai mkononi. Tairi la nyuma likazunguka kwa kasi ya ajabu, moshi ukajaa uani, na mzee, kwa raha zake, akainama kutazama mita ya spidi. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Akapiga resi tena, kwa nguvu zaidi. Sifuri. Akaigonga mita kwa kidole, akapuliza kioo, akapiga resi mpaka mkewe akatoka jikoni akiziba masikio. Sifuri.

Nyinyi vijana wa pikipiki mmeshaanza kutabasamu. Nyamazeni, msiniharibie.

Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha. Kule kwenye yadi ya malori, ukitaka kujua kama mita ni nzima, unainua ekseli ya nyuma kwa jeki, unaweka gia, unakanyaga mafuta, na mshale unapanda wakati lori lenyewe halijasogea hata kidogo. Kwenye yale malori mita inapata habari zake kutoka kwenye giaboksi. Ndivyo alivyofundishwa ujanani, na ndivyo yeye alivyowafundisha madereva waliokuja nyuma yake. Tena alikuwa na sheria yake, na wakubwa wa yadi walimsifu kwa sheria hiyo: chombo kisichosoma spidi hakitoki getini. Basi akatoa hukumu palepale kwamba mita ni mbovu na skuta haitoki.

Na skuta ilitakiwa kutoka, wapendwa. Ilitakiwa sana. Jumamosi ya juma lilelile mdogo wake wa tumbo moja, anayekaa ng'ambo ya bonde, alikuwa anapokea posa ya binti yake. Na katika ukoo wao baba mzazi hajibu posa. Baba mzazi anakaa pembeni, kimya, kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Anayejibu ni baba mkubwa. Wageni wakifika wanakaribishwa, wanapewa viti, soda zinawekwa mbele yao, lakini hakuna anayefungua soda wala kutamka neno la posa mpaka baba mkubwa aketi. Kwa binti yule baba mkubwa alikuwa mmoja tu, naye ni dereva wetu. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba atakwenda, tena atafika juu ya chombo chake mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Jua lilipopanda mke wake alikuwa ameshavaa kitenge kipya na kushika mkoba, na zawadi ya binti imefungwa vizuri ndani ya khanga. Na mumewe yuko wapi? Yuko uani, amevaa suti, mikono imejaa grisi. Mke akamwambia watafute bodaboda, bonde lenyewe si pana, wangefika mapema. Mzee akakasirika kabisa. Aliendesha malori ujana wake wote, leo akapakiwe mgongoni kwa mtu mbele ya wakwe? Akamwambia asubiri kidogo, kitu chenyewe kidogo tu.

Simu ikaita. Alikuwa binti mwenyewe, anaongea kwa kunong'ona.

"Baba mkubwa, shikamoo. Wageni wameshaketi. Wamenyamaza tu, wanatazama mlango."

"Marahaba, mwanangu. Chombo kina hitilafu. Mita haisomi."

Nadhani binti alikuwa anatafuta namna ya kumjibu mtu mzima bila kumvunjia heshima. Kisha akauliza taratibu, "Baba mkubwa, haiwezekani ukaja bila mita?"

Mzee akamweleza kwamba mambo ya vyombo vya moto hayaendi hivyo. Binti akasema sawa, halafu akaongeza, "Baba amesema tunakungoja."

Mzee akakata simu, akacheka kicheko kikavu, akasema kwa sauti mpaka mkewe akasikia, "Kumbe siku hizi anajua kungoja."

Ehe! Mmesikia neno hilo? Hapo ndipo penye kidonda, na mimi sitapita juu yake haraka.

Baba yao alipofariki, dereva wetu alikuwa safarini na lori, mbali, kwenye njia isiyo na mtandao. Mdogo wake alipiga simu haikuingia. Wazee walimhimiza, joto lilikuwa kali, na mdogo mtu akakubali wakazika. Kaka alipofika alikuta matanga yanaanuliwa na udongo umeshaanza kukauka. Alisimama pale kaburini na funguo za lori mkononi, mtoto wa kwanza wa marehemu, hakutupa hata konzi moja ya mchanga. Iliuma. Msidhani nafanya mzaha juu ya jambo hilo, iliuma sana, na ilikuwa haki yake kuumia.

Lakini huyu alikuwa mtu wa kanisa. Baada ya miaka ya kununa alisimama Jumapili moja kwenye ushuhuda akasema, "Nimemsamehe mdogo wangu." Kanisa likalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikaanzisha wimbo bila kupangiwa, watu wakamkumbatia, na mchungaji akalia. Jumapili nyingine akaombwa arudie, kulikuwa na wageni. Akarudia, tena kwa machozi. Akaalikwa kwenye semina ya akina baba awafundishe wenzake kusamehe, na akawafundisha vizuri mno. Kwa mdogo wake ng'ambo ya bonde hakuwahi kwenda. Kila akiazimia kwenda, palikuwa na kitu. Mvua, mgeni, kikohozi. Na Jumamosi hii, mita.

Turudi uani, mambo yanachemka. Mzee akachukua spana akafungua kile kifuniko cha nyuma ya taa, akaufikia waya wa mita, ule unaoshuka ndani ya mpira wake mpaka kwenye tairi. Akauchomoa. Mzima, haujakatika hata uzi mmoja, na una grisi yake ya kiwandani. Akatazama tundu la mita unapoingia waya, akaingiza ncha ya bisibisi nyembamba, akaizungusha kwa vidole haraka haraka. Na mshale ukaruka! Ukapanda mpaka kumi, ukatetemeka, ukarudi. Mzee akapiga ukelele wa furaha. Akazungusha tena, ukaruka tena. Akamwita mkewe aje aone. Mita nzima, waya mzima, kwisha kazi. Akarudisha kila kitu mahali pake, akafunga, akajifuta jasho kwa tai, akapanda kiti, akawasha, akapiga resi kwa kishindo kilichomtoa jirani ndani kwa mara nyingine.

Sifuri.

Jamani. Ningewaambia alivyoitazama ile mita mngemhurumia. Kila kitu ni kizima na bado haisomi. Tairi la nyuma linazunguka mpaka linavuma, injini inanguruma mtaa mzima unajua kuna skuta, moshi umejaa mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, na ile sahani ndogo inamwambia kwamba hajakwenda popote. Akaanza kuitukana. Akasema ni mita ya hovyo, akasema wanawe wameuziwa mzigo bandia wa vichochoro vya Kariakoo, akasema Jumatatu atatafuta mita nyingine kabisa.

Mkewe alikuwa amesimama muda wote pale mlangoni, zawadi mkononi. Sasa akashuka ngazi, akapita karibu yake, na hakupaza sauti.

"Mzee wangu, mimi natangulia kwa miguu. Wale watu hawaingoji mita. Wanakungoja wewe."

Akafungua geti, akaliacha wazi, akaenda.

Mzee akabaki peke yake na skuta yake, na hasira zikampanda zote kwa pamoja, za mita, za mke na za kaburi. Akaushika usukani kwa mikono miwili, akapiga resi mpaka mwisho, na akainama mbele kabisa, pua karibu iguse kioo, aone kama mshale utathubutu kubaki pale ulipo. Mnajua stendi ya kati inavyofanya mtu akiiegemea mbele kwa uzito wake wote huku chombo kinatikisika? Inakunjika. Stendi ikakunjika, tairi la nyuma likagusa ardhi likiwa kwenye mwendo wake wote, na skuta ikaruka.

Ilitoka na mzee! Ikapita katikati ya kuku, ikapasua kamba ya nguo, ikatoka getini na shuka la maua limemfunika mzee bega moja. Jirani alijimwagia chai yake mwenyewe kifuani. Mzee aling'ang'ania usukani macho yamemtoka, miguu imetanda huku na huku, na kwa mazoea ya udereva wa maisha yake yote, hata katika hofu ile, macho yakashuka kwenye mita.

Mshale ulikuwa umesimama kwenye ishirini. Halafu ishirini na tano. Halafu thelathini, taratibu, bila kutetemeka, kama ambao haukuwahi kuwa na tatizo lolote duniani.

"Inasoma!" akapiga kelele barabarani peke yake. "Inasoma!"

Na hapo, wapendwa, ndipo akili ilipomjia, maana alikuwa fundi wa mambo haya kweli, ila alikuwa ameufuata ufundi wake hadi mahali usipofaa. Ule waya aliouchomoa na kuurudisha unashuka kwenye tairi lipi? La mbele. Mita ya skuta haikupata habari zake kwenye injini wala kwenye tairi la nyuma. Ilizipata kwenye tairi la mbele, lile lisilosukumwa na injini, lile linalozunguka kwa sababu moja tu, kwamba chombo kinakwenda. Juu ya stendi unaweza kupiga resi mpaka petroli iishe, tairi la mbele limekaa chini limetulia, nayo mita inasema sifuri. Na ilikuwa inasema kweli. Juma zima mita ilikuwa inamwambia mzee ukweli mtupu, naye alikuwa anaifungulia skrubu.

Akapunguza mwendo, akamkuta mkewe njiani karibu na daraja. Mama wa watu alipomwona mumewe anakuja amevaa suti na shuka, alikaribia kurukia mtaroni. Akapanda nyuma, akalikunja shuka, na mzee akamweleza njia nzima habari ya tairi la mbele, akicheka, akirudia rudia, furaha imemjaa mpaka akapita kona moja akalazimika kurudi. Mkewe alisema ndiyo, ndiyo, angalia mbele.

Wakafika ng'ambo. Uwanja umejaa watu na hakuna anayezungumza. Wageni wa upande wa kijana wamekaa kwenye viti vyao wakiwa na soda mbele yao, hazijafunguliwa, zimeshapata joto. Wazee wa ukoo wamenuna. Mzee mmoja, binamu yao, alikuwa amesimama amevaa kofia rasmi, tayari kushika nafasi ya baba mkubwa. Baadaye dereva alielezwa kwamba tangu saa ile ya simu wazee walikuwa wanambana mdogo wake kwamba kaka haji, wageni wanaaibika, huyu binamu ajibu jambo liishe. Na mdogo mtu, ambaye kwa desturi yao hakutakiwa hata kufungua mdomo siku ile, alikuwa amefungua mdomo wake mbele yao mara moja tu.

"Mara moja nilikubali kutomngoja," aliwaambia. "Leo nitamngoja mpaka wageni wachoke waondoke. Binti yangu atanisamehe."

Dereva hakuyajua hayo alipokuwa anashuka kwenye skuta. Alimwona tu mdogo wake amesimama kwenye kizingiti, mvi zimeingia kichwani ambazo hakuwahi kuziona. Na kwa sababu furaha ya barabarani ilikuwa bado inamchemka, na kwa sababu aliogopa, niseme wazi, aliogopa sana, akaanza kuongea kabla ya salamu. Akaanza kueleza habari ya mita, kwamba kumbe ilikuwa nzima muda wote, kwamba waya wake unatoka tairi la mbele.

Mdogo wake akamsikiliza mpaka akamaliza. Akashuka kizingiti, akamwamkia kama anavyopaswa, "Shikamoo, kaka." Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, hakuna ugomvi ndani yake:

"Kaka, watu wengi wameniletea habari kwamba umenisamehe. Kila Jumapili nilikuwa naambiwa. Nikawa nakaa hapa, nakungoja uje unisamehe."

Basi.

Yule mzee aliyekuwa hodari wa ushuhuda, aliyeliza makanisa, aliiacha habari ya mita. Machozi hayakuja. Wala hapakuwa na kwaya. Alimtazama mdogo wake, akatazama ile mikono yake mwenyewe yenye grisi, akamnyooshea hivyo hivyo na grisi yake. Mdogo mtu akaishika yote miwili. Wakasimama hivyo. Binti alikuwa dirishani, naye alilia kwa ajili yao wote. Na soda za kwanza zilipofunguliwa uwanja mzima ulisikia.

Sasa naomba niwageukie, maana mnatabasamu, na mimi sikuja kumsema dereva.

Sisi, wapendwa, ni watu wa resi. Tuna injini hapa, hakuna wa kututania. Spika zetu zinasikika mpaka sokoni. Tunaimba, tunafunga, tunakesha, tunaruka mpaka sakafu inapasuka, na mimi mwenyewe nikishika kipaza sauti mnanijua. Ni vizuri. Chombo bila injini ni chuma tu. Lakini tumepandisha stendi. Tumeinua tairi moja juu, linazunguka kwa kasi ya kutisha, na moshi wake tunauita upako. Kisha mkeo anakwambia, mume wangu, mbona nyumbani hujabadilika? Unamjibuje? Unasema huyu mwanamke ana roho mbaya. Mwanao anakwambia, baba, huwa huniulizi chochote. Unasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Mfanyakazi wa ndani anakuogopa, jirani anavuka barabara akikuona, na dhamiri yako ukilala inakwambia sifuri, sifuri. Nawe unachukua spana! Unaibadilisha mita. Kuna watu wamehama makanisa wakitafuta mchungaji ambaye mshale wake utapanda bila wao kusogea. Wengine mmehamia hapa. Karibuni, ila hapa hautapanda.

Mita nzima. Aliye mbele yako, aliyekaa kwenye njia yako, yule unayetakiwa kumfikia, yeye ndiye anayejua kama umekwenda. Usiulize kanisa kama umesamehe. Kanisa linasikia injini tu. Muulize uliyemsamehe kama habari zimemfikia.

Na yupo anayengoja. Ndilo linaloniumiza mimi kila nikifikiria mfano huu. Sisi tunadhani tuna muda kwa sababu tunadhani yule mtu naye ametununia kwake. Kumbe amekaa na wageni wake, soda zinapata joto, amegoma kuanza bila sisi. Kuna mama leo amepika akaweka sahani ya ziada. Kuna ndugu akisikia mlio wa pikipiki anainua kichwa.

Nimeona mikono inainuliwa. Ishusheni. Na nasikia amina zinakuja, naomba mzimeze, leo sizitaki. Wengine wenu mtu wenu hayuko ng'ambo ya bonde lolote. Yuko humu humu, viti vitatu nyuma yako, mmekuwa mkiingia kwa milango miwili tofauti ili msikutane. Kwaya isiimbe. Mpiga kinanda, toa mikono kwenye kinanda. Mimi nitazima kipaza sauti sasa hivi nikae chini, na ibada haitafungwa.

Simama, mwendee. Sisi tutakungoja.